Kifuniko cha deki kinavuja hata baada ya silikoni: tafuta kwanza njia ya maji

Msomaji wa Igombe, Mwanza, ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya mita 9, napeleka bidhaa na abiria visiwani. Deki ya omo, yaani ya mbele ya boti, ina kifuniko cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, fremu ya aluminiamu, sentimita 50 kwa 50. Kinavuja. Mvua ikipiga usiku, boti ikiwa imevutwa mchangani, asubuhi nakuta magunia ya unga na jaketi okozi vimelowa. Mvua ikikatika alfajiri, matone yanaendelea mpaka saa sita mchana, hasa ukingo wa mbele. Nimeshazungushia silikoni mara tatu. Ninunue gundi gani?"

Marahaba, mwanangu. Usinunue gundi bado. Kuna jambo moja kwenye maelezo yako linalonifanya niamini kwamba hata gundi bora kuliko zote haitakusaidia ukiipaka hapo ulipoipaka: matone yanaendelea mpaka saa sita mchana. Maji yanayopenya moja kwa moja kutoka juu hadi chini hukoma muda mfupi baada ya mvua kukoma. Yanayodondoka saa nyingi baadaye yalikuwa yamejihifadhi mahali, na kwenye deki ya faiba mahali penyewe ni katikati ya ngozi mbili.

Deki ya namna hiyo kwa kawaida si bamba moja. Kuna ngozi ya juu ya faiba, ngozi ya chini, na katikati kuna kiini cha plaiwudi, cha mti mwepesi wa balsa au cha povu gumu, ili deki iwe imara bila kuwa nzito. Aliyekata tundu la kifuniko chako alikata tabaka zote tatu, na ukingo wa kiini ukabaki wazi. Kama hakuuziba kwa ipoksi (rezini ya kuchanganywa na kigumisho) kabla ya kuweka fremu, basi kiini hicho kina mlango hapo. Maji yanaweza kuingilia mbele kabisa, kwenye skrubu ya chuma cha kufungia kamba au kwenye mguu wa reli ya kujishikilia, yakasafiri ndani ya kiini bila kuonekana, yakatokea kwenye tundu kwa sababu ndiko kuliko wazi. Wewe unaona tone chini ya kifuniko, unakilaumu kifuniko. Na boti ikivutwa mchangani omo huwa juu, kwa hiyo chochote kinachoingia mbele kinateremka kuelekea kwenye tundu lako. Ndiyo maana ukingo wa mbele unadondosha zaidi.

Sisemi kwamba fremu haina kosa. Omo ikiwa juu, maji yanayoteremka juu ya deki nayo hugota kwenye ukingo wa mbele wa fremu yakasimama hapo. Kwa hiyo una washukiwa wawili, na wote wawili wanadondosha mahali pamoja. Utawatenganisha kwa maji, wala si kwa kubahatisha.

Lakini kwanza niseme kuhusu silikoni ya kuzungushia kwa nje, maana naiona kwenye boti nyingi kuanzia Kirumba hadi Nansio. Ule mkanda wa juu unashika ngozi nyembamba tu ya fremu na ya deki. Jua la Mwanza linapiga karibu wima, fremu inatanuka, deki inatanuka kwa kiasi chake, na mkanda unabanduka mahali padogo ambapo huwezi kupaona. Maji yanaingia kwa hapo padogo, halafu mkanda uliobaki unayazuia yasitoke wala kukauka. Umejenga bwawa chini ya fremu. Tena silikoni inaacha utelezi ambao gundi nyingine na rangi havishiki juu yake, na asetoni peke yake haiutoi. Kila mzunguko uliopaka umeiongezea kazi inayokuja. Ondoa yote kwa kisu, kisha msasa, mpaka ufike kwenye faiba safi.

Sasa jaribio. Chagua siku kavu, deki ikiwa imekauka tangu jana yake. Toa kila kitu kwenye chumba cha omo, futa, halafu pakaza poda ya mtoto au unga wa chaki kwenye dari la chumba, kuzunguka tundu na kwenye kila nati unayoiona. Tone likipita kwenye poda linaacha mstari ambao jicho haliwezi kuukosa. Ziba kwa tepu pana mwanya wa kati ya kifuniko na fremu, ule wa kati ya plastiki na fremu yake, na ule wa kati ya fremu na deki, ili huko kusiwe na njia kwa sasa. Mtu mmoja aingie chini na tochi. Wewe juu mwaga maji polepole. Usifinye mdomo wa mpira, kwa sababu maji ya kasi hupenya mahali ambapo mvua haipenyi, yatakupotosha. Kama bomba liko mbali, ndoo na kopo vinatosha.

Anza mbali na kifuniko. Mwagia chuma cha kufungia kamba dakika kumi, subiri. Nenda kwenye miguu ya reli, mmoja mmoja. Nenda kwenye kiungio cha deki na ubavu, pale penye raba ya kuzuia mgongano, maana hapo nako kuna mstari mzima wa skrubu. Huku ukisubiri usiwe na haraka: kiini kinakunywa kwanza ndipo kinatoa, na tone linaweza kuchukua nusu saa kufika. Usipoona kitu, bandua tepu ya kati ya fremu na deki, mwagia ukingo wa fremu hapo. Ukiona bado ni pakavu, bandua tepu ya kwenye plastiki, mwagia. Mwisho kabisa bandua tepu ya mwanya wa kifuniko. Kwa mpangilio huo, tone la kwanza likitokea unajua limetoka wapi, kwa sababu njia nyingine zote ama umeshazipima ama zimefungwa.

Halafu pima kiini chenyewe. Gonga deki kwa mpini wa bisibisi kuanzia ukingoni mwa tundu kwenda nje. Palipo pazima panalia kwa sauti kali. Palipooza panaitika kizito, bila mlio. Weka alama kwa kalamu. Kisha chukua biti ya drili ya milimita 3, izungushie tepu kuacha urefu wa kutoboa ngozi ya chini na kiini tu, utoboe kutoka chini kwenda juu bila kufika ngozi ya juu. Tazama kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Ukitoka mweusi, umelowa, unanata kwenye biti na unanuka uvundo, kiini kimekwenda. Toboa tena sentimita 10 mbele zaidi, na tena, mpaka upate unga mkavu. Hapo ndipo ugonjwa unapoishia.

Ziwa letu ni la maji baridi, na mvua nayo ni maji baridi. Chumvi ya bahari hupunguza kasi ya kuvu wanaoozesha mbao. Hapa hatuna msaada huo. Mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 au hivi, ndani ya joto letu, kuvu wana kila wanachotaka. Ndiyo maana nasisitiza uishughulikie kabla ya mvua za vuli, wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ambapo unaweza kuacha tundu wazi siku kadhaa likakauka.

Tuseme jaribio limeonyesha kwamba fremu inapitisha na kiini cha ukingoni kimelowa, jambo ambalo kwa maelezo yako silitegemei kuwa mbali na ukweli. Fremu lazima itoke. Fungua skrubu zote, kisha ikate gundi ya chini yake kwa kisu chembamba au kwa mshipi mnene wa kuvulia sangara ukiusukuma na kuuvuta kama msumeno. Usiing'oe kwa nondo. Fremu ya aluminiamu ikipinda hata milimita 2, kifuniko hakitalala sawa tena na utakuwa umejiletea uvujaji mwingine.

Ukishaitoa, kwangua kiini chote kilichooza kwenye ukingo wa tundu, kwa patasi nyembamba au msumari uliopindwa na kufungwa kwenye drili. Ingia ndani sentimita 2 hata kama mbao inaonekana nzima, ili upate nafasi ya kujaza. Kausha. Feni na jua kwa siku kadhaa, turubai usiku. Kisha paka ipoksi nyepesi kwenye mbao mpaka iache kunywa, na kabla haijakauka jaza pengo kwa ipoksi iliyokolezwa na unga laini wa mbao wa msasa, iwe nzito kiasi cha kutodondoka. Changanya kidogo kidogo: kopo lililojaa likikaa kwenye joto la mchana linachemka lenyewe na kuganda mkononi. Na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Wapo wanaoongeza kigumisho ili ikauke upesi, kwa mazoea ya rezini ya kawaida ya faiba. Kwenye ipoksi kuzidisha kigumisho hakuharakishi, kunaacha ipoksi laini isiyokomaa.

Matundu ya skrubu yanataka heshima hiyo hiyo. Kama skrubu ni ya milimita 5, panua tundu hadi milimita 10 au 12, ziba chini kwa tepu, jaza ipoksi nzito, iache ikomae, halafu toboa tena milimita 5 katikati yake. Sasa skrubu inapita ndani ya ipoksi tupu, haigusi mbao. Hata gundi ya juu ikichoka miaka ijayo, maji yatakudondokea kichwani badala ya kuingia kwenye kiini, na ni afadhali mara mia yadondoke uyaone. Fanya hivyo pia kwa chuma cha kufungia kamba na miguu ya reli. Kazi ya kifuniko pekee, huku skrubu za mbele zikiendelea kunywesha kiini, ni nusu ya kazi.

Kabla ya kurudisha fremu, hakikisha deki haiipindi. Funga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, zikatane katikati ya tundu. Zikigusana kidogo tu, pamenyooka. Zikiachana au moja ikiikandamiza nyingine, deki imejipinda, na ukikaza skrubu utaivuta fremu ifuate mpindo huo wakati kifuniko kimenyooka. Sawazisha kwa ipoksi nzito na msasa mpaka fremu ikae yenyewe bila kulazimishwa.

Sasa ndiyo swali lako la gundi. Chini ya fremu ya aluminiamu juu ya faiba, gundi ya poliyurethani ya vyombo vya majini inafaa sana, na mkanda wa butili (raba laini inayonata) unafaa pia, hasa ukitaka siku moja uweze kuifungua fremu bila vita. Poliyurethani inashika kwa nguvu kiasi kwamba kuibandua ni kazi ya siku. Lakini angalia: poliyurethani isiguse akriliki, yaani ile plastiki ya kifuniko chako. Dawa zilizomo kwenye nyingi ya gundi hizo huifanya ipate nyufa ndogo ndogo kama utando. Kwa plastiki na fremu yake tumia silikoni, na hapo ndipo silikoni ina mahali pake halali. Chagua isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka na inaweza kula aluminiamu, kwa hiyo dukani omba ufungue kifuniko cha bomba unuse. Na usisafishe akriliki kwa asetoni, petroli wala thina. Maji ya sabuni.

Paka gundi kwa wingi chini ya fremu, ndani na nje ya mstari wa skrubu, na duara kuzunguka kila tundu. Mdomo wa kila tundu kwenye deki uwe umetanuliwa kidogo, gundi ikae hapo kama pete. Kaza kwa kupokezana, kona kwa kona, mpaka gundi itoke kote kwa usawa, halafu acha. Kosa la mikono yenye nguvu ni kukaza mpaka gundi yote inakimbia, chuma kinakaa juu ya faiba kavu. Unataka ibaki tabaka la milimita 2 hivi, kwa sababu ndilo litakalonyumbuka jua likitanua fremu. Poliyurethani hukauka kwa unyevu wa hewa kutoka nje kwenda ndani, karibu milimita 3 kwa siku, kwa hiyo chini ya fremu pana ipe wiki nzima bila safari.

Kutanuka huko si jambo dogo. Chukua akriliki yako ya sentimita 50. Joto likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, jambo la kawaida kwa plastiki iliyoanikwa juani, akriliki inarefuka karibu milimita 1, wakati aluminiamu inarefuka kama theluthi moja tu ya hiyo. Kila siku silikoni ya kati yao inavutwa na kuachiwa. Ukikuta plastiki imebanwa kabisa kwenye fremu bila nafasi pembeni, ndiyo sababu ya uvujaji wa hapo. Iachie milimita 2 au 3 kila upande, nafasi hiyo ijazwe silikoni.

Kuhusu raba ya kifuniko, wengi wanaianza hiyo, mimi naiweka mwisho kwa sababu kuipima ni rahisi. Pakaza chaki kwenye mdomo wa fremu, funga, fungua. Raba inapaswa kuwa na mstari wa chaki usiokatika. Au bana kipande cha karatasi na ukivute, kila sentimita 10. Kinapotoka bila ubishi, maji nayo yatapita bila ubishi. Raba mpya iwe ya povu lililofungika, lisilonyonya maji kama sponji, na unene ule ule wa ya zamani. Ukiweka nene zaidi, upande wa bawaba utabana mapema na upande wa komeo utabaki umeinuka. Kiungio cha raba kiwekwe upande wa tezi, yaani nyuma, si upande wa omo unaopigwa na mawimbi, na ncha zake zigundishwe zikutane bila kuvutwa. Kwenye boti inayobeba petroli na oili, raba ya neoprini huvumilia kuliko ile iliyoandikwa EPDM, ambayo jua haliiwezi lakini mafuta huivimbisha. Usiilainishe kwa mafuta ya mgando. Pakaza poda au grisi ya silikoni. Na boti ikilala nchi kavu bila dalili ya mvua, legeza makomeo, kwa maana raba iliyobanwa miezi mfululizo inabaki bapa haiinuki tena.

Kuna asubuhi utakuta matone kwenye uso wa ndani wa kifuniko na mvua haijanyesha. Hayo ni jasho: hewa ya chumba kilichofungwa na vitu vibichi ndani inakutana na plastiki iliyopoa usiku. Bandika kipande cha mfuko wa nailoni chini ya kifuniko, tepu pande zote. Asubuhi, maji yakiwa upande wako wa mfuko, ni jasho, dawa yake ni hewa. Yakiwa nyuma ya mfuko, panavuja.

Wenye boti za mbao wanaosoma hapa, kwenu jambo kubwa ni kizingiti. Kifuniko kilicholala sawa na deki kitavuja siku zote. Jengeni kizingiti cha sentimita 15 kuzunguka tundu, kifuniko kivae kwa nje na kushuka pembeni, na pembe za kizingiti zipigwe kalafati (pamba ya kuziba mianya) kabla ya rangi. Kwenye meli kubwa sheria za kimataifa zinadai vizingiti vya milimita 600 sehemu za deki zilizo wazi mbele.

Nirudi kwako kwa jambo ambalo hukuuliza. Maji yenye kina cha sentimita 5 kwenye sakafu ya chumba cha mita 2 kwa mita moja na nusu ni lita 150, yaani kilo 150. Mzigo wa gunia unakaa ulipouweka, maji hayakai. Boti ikilalia ubavu mmoja yote yanakimbilia huko huko na kuizidisha kulala, na uko katikati ya Ghuba ya Speke na abiria ndani. Kwa hiyo mpaka kazi iishe, mpe mtu jukumu la kufungua chumba hicho na kukausha kabla ya kila safari. Jaketi okozi zitoke humo leo. Mahali pake ni mwilini mwa abiria. Zikifungiwa omo chini ya magunia hazitamfikia mtu yeyote, ziwe zimelowa au kavu.

Ukigonga deki ukakuta sehemu iliyooza inavuka upana wa viganja viwili kutoka ukingoni, usiijaze kwa ipoksi ukaona imekwisha. Hapo ngozi ya juu au ya chini inabidi ikatwe, kiini kibadilishwe na faiba ilazwe upya, na kwa kuwa unabeba abiria, ongea na wakaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC, Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, kabla ya kukata. Niandikie umbali uliopata unga mkavu na aina ya kiini kilichotoka kwenye biti, nikuelekeze kipande cha kukata na unene wa kurudishia.